Uzoefu wangu na huduma ya uzazi ya kituo cha jirani: niambieni namba yangu

Nyota 3 kati ya 5. Chumba cha kujifungulia peke yake ningekipa 4, na yanayofuata baada ya mama kuhamishiwa wodini ningeyapa 2. Naandika kama mzazi aliyeitumia huduma hii tangu hudhurio la kwanza la kliniki hadi wiki ya 6 baada ya kujifungua, na kwa kazi mimi ni mkunga, kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: je, mama anaambiwa? Presha yake ni ngapi, mlango wa kizazi umefunguka sentimita ngapi, amepoteza damu kiasi gani, mtoto ana joto gani na uzito gani. Mama ndiye anayekaa na mtoto usiku na mchana, nesi anapita. Anayepita asipomwachia anayekaa ile habari, hatari hupenya hapo hapo.

Kliniki ya wajawazito inaendeshwa vizuri kwa ratiba. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliongeza mahudhurio kutoka 4 hadi 8: la kwanza kabla wiki 12 hazijatimia, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Kituo hiki kinafuata mpango huo, na tarehe inayofuata inaandikwa kwenye kadi kabla mama hajainuka kitini. Mahudhurio yanabanana mwishoni kwa sababu presha ya mimba, ile inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, huanza zaidi katika miezi ya mwisho, na mama anaweza kuwa nayo bila kuhisi chochote.

Ndiyo maana upimaji wa presha uliniudhi. Mama anafika akihema, anakalishwa kwenye benchi lisilo na egemeo, miguu inaning'inia, mkono umelegea pajani, mkanda wa mashine unafungwa juu ya mkono wa gauni, na wakati mashine inajaa upepo nesi anamuuliza tarehe ya hedhi ya mwisho. Kila kimoja kati ya hivyo kinaipotosha namba, na vingi vinaipandisha. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene nao unapandisha. Matokeo yake leo kadi inasoma 145/92, wiki ijayo 124/80, na wahudumu wanazoea kutoziamini namba kubwa, hata ile siku namba kubwa ni ya kweli. Namna sahihi haihitaji kifaa kipya: akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, mkono mtupu juu ya meza usawa wa moyo, na wote wawili wanyamaze. Ikifika 140/90, apumzike, irudiwe, na mkojo upimwe protini. Ikifika 160/110 hiyo ni dharura, haondoki kituoni bila matibabu.

Halafu namba itamkwe. Jibu la “iko sawa tu” halitoshi. Mama aliyezoea 100/60 miezi yote, akiona 135/85 atajua kuna kitu kimebadilika ingawa mstari wa 140 haujavukwa, na usiku ule kichwa kikimgonga atakuja badala ya kungoja asubuhi.

Vidonge vya madini ya chuma ni mfano mwingine wa ukimya unaoharibu kazi. Vinatolewa kila mwezi kwa uaminifu, miligramu 30 hadi 60 za chuma na 0.4 za asidi ya foliki kwa siku, lakini hakuna anayemwambia mama kwamba choo kitakuwa cheusi, kwamba kichefuchefu kinapungua akimeza usiku baada ya kula, na kwamba chai huzuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo aitenge na kidonge kwa saa 1 au 2. Mama anaona weusi chooni, anaogopa, anaviacha. Anarudi na hemoglobini (wingi wa damu) ileile na anaambiwa mkaidi. Majibu ya kundi la damu, VVU, kaswende na homa ya ini B nayo ombeni yaandikwe kwenye kadi siku hiyohiyo, kwa sababu kadi ndiyo itakayosomwa na mtu asiyekujua saa 9 usiku.

Sasa leba, na hapa kituo kimenifurahisha. Msindikizaji mmoja anaruhusiwa kukaa na mama mwanzo hadi mwisho, awe mume, dada au mama mzazi. Kuna pazia kati ya kitanda na kitanda. Mama anaruhusiwa kutembea, kuchuchumaa, kupiga magoti, kula kidogo na kunywa maji. Hakuna kunyolewa wala enema (kusafishwa utumbo kwa maji), mambo mawili yasiyo na faida ambayo vituo vingi vimeyang'ang'ania kwa mazoea. Mlango wa kizazi unapimwa kila saa 4, na mkunga anasema kwanza anachotaka kufanya, anasubiri mama aitikie, anasubiri mkazo wa uchungu upite, ndipo anavaa glovu. Akimaliza anasema: “Ni sentimita 4, bado mapema, endelea kutembea.” Huo ndio ukunga.

Kuna haraka moja tu iliyobaki kwenye chumba kile, nayo ni ile dhana ya kwamba mlango wa kizazi lazima ufunguke sentimita 1 kila saa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 umeiacha. Uchungu kamili unahesabiwa kuanzia sentimita 5, na wanawake wengi wenye afya hufunguka polepole kuliko hapo bila madhara, ilimradi mapigo ya moyo wa mtoto yako kati ya 110 na 160 na yanasikilizwa kila dakika 15 hadi 30, kisha kila dakika 5 mama anaposukuma. Anayeharakisha bila sababu anafungua mlango wa dripu ya uchungu, na dripu ikizidi mtoto anachoka. Na jambo hili nalisema kwa uchungu: kumkandamiza mama tumboni ili mtoto atoke hakufai, na kuongeza njia kwa mkasi si utaratibu wa kila uzazi. Kukiwa na sababu ya kuongeza njia, mama aambiwe sababu, akubali, na ganzi ichomwe na ishike kwanza.

Mtu akidhani haya ni madai ya wachache, shirika la White Ribbon Alliance liliwauliza wanawake na wasichana karibu milioni 1.2 katika nchi 114 wanataka nini kwenye huduma ya uzazi. Matokeo yalitoka 2019, na ombi lililoongoza lilikuwa kuhudumiwa kwa heshima na utu. La pili lilikuwa maji, vyoo na usafi. La tatu dawa na vifaa. Kwa hilo la pili niseme kwa ufupi: sinki lina sabuni, choo cha wodi hakina komeo. Mama aliyeshonwa juzi anashika mlango kwa mkono mmoja.

Mtoto akitoka, dakika ya kwanza ni yake. Anakaushwa kwa kitambaa kikavu, kitambaa kilicholowa kinatupwa pembeni, analazwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, anafunikwa pamoja naye, kofia kichwani. Asipolia wala kupumua baada ya kukaushwa na kusuguliwa mgongo, apewe hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika hiyo haijaisha: kichwa kimenyooka kama anayenusa kitu, barakoa inafunika kidevu, mdomo na pua bila kugusa macho, pumzi 40 hadi 60 kwa dakika, na jicho liko kwenye kifua kuona kama kinapanda. Kifua kisipopanda, kwanza rekebisha kichwa na barakoa. Mara nyingi hewa inavujia pembeni. Kituo hiki mfuko umewekwa juu ya meza ukiwa umeunganishwa tayari. Nimefanya kazi palipokuwa na mfuko ndani ya kabati na ufunguo kwa mtu mwingine, kwa hiyo najua thamani ya hilo.

Anayepumua vizuri, kitovu kisikatwe mbio. Dakika 1 hadi 3 zinampa damu yenye chuma cha miezi ya mbele. Anyonye ndani ya saa ya kwanza. Kuogeshwa kungoje saa 24, kwani mtoto mchanga hupoteza joto upesi na joto lake linatakiwa kubaki kati ya 36.5 na 37.5.

Wakati huohuo kuna damu ya mama. Sindano ya oksitosini, dawa inayoubana mfuko wa uzazi, yuniti 10, inachomwa ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Ulizeni inahifadhiwa wapi. Inataka friji ya nyuzi 2 hadi 8. Iliyokaa dirishani wiki nzima inaweza kuwa imepungua nguvu, na hapo wahudumu wanadhani mwili wa mama umegoma. Kosa la pili ni kukadiria damu kwa macho. Damu iliyonywewa na shuka huonekana ndogo kuliko ilivyo. Kuna mfuko wa plastiki wenye mistari ya mililita unaotandikwa chini ya makalio; utafiti uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, uliotolewa 2023, ulionyesha kwamba damu ikipimwa kwa mfuko huo na hatua zote zikachukuliwa kwa pamoja (kusugua mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki ambayo ni dawa ya kuzuia damu, dripu, na kutafuta chanzo), madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Kituo hiki bado kinatumia macho. Hili ndilo ningelibadili kwanza kama ningepewa nafasi moja tu.

Wodini ndiko nyota zinakodondoka. Saa 2 za kwanza nesi alikuwa anarudi kila dakika 15, anagusa tumbo, anaangalia pedi. Baada ya hapo kimya. Presha ya mama haikurudiwa ndani ya saa 6, na hakuna aliyeuliza kama amekojoa, ingawa kibofu kilichojaa huusukuma mfuko wa uzazi juu, unashindwa kubana, na damu inaanza upya. Hapa mama anaweza kufundishwa kujilinda kwa dakika moja. Shika mkono wake, uweke usawa wa kitovu, asikie kitu kigumu mithili ya mpira uliojaa upepo. Kikilegea kama unga uliokandwa, asugue kwa mzunguko na kuita. Pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa 1, aite. Sikuona mama hata mmoja akionyeshwa hivyo.

Kunyonyesha kulishughulikiwa nusunusu. “Mweke titi” si maelekezo. Mdomo uwe wazi kama anayepiga miayo, mdomo wa chini umepinduka nje, kidevu kimegusa titi, na weusi wa titi unaonekana zaidi juu kuliko chini. Chuchu ikitoka mdomoni imebanwa kama ncha ya penseli iliyochongwa, ameshika chuchu tu, na hapo ndipo vidonda vinaanza. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Maziwa ya kwanza ni machache na ndivyo yanavyotakiwa kuwa.

Na sasa jambo zito. Mama aliruhusiwa akiambiwa arudi wiki ya 6. Angalia kinachotokea katikati: presha ya mama baada ya kujifungua hufika juu kabisa kati ya siku ya 3 na ya 6. Manjano ya mtoto hufikia kilele siku ya 3 hadi ya 5. Maziwa hujaa siku ya 2 hadi ya 4, na uzito wa mtoto uko chini kabisa siku hizohizo. Yote yanakutana nyumbani, mama akiwa hana hata namba ya simu ya kituo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unataka mama na mtoto wakae kituoni saa 24, kisha waonwe kati ya saa 48 na 72, tena siku ya 7 hadi ya 14, kisha wiki ya 6. Mahudhurio hayo mawili ya katikati ndiyo yanayookoa, na ndiyo yanayorukwa, kwa sababu hayana siku maalumu kliniki wala mtu aliyepangiwa.

Mpaka yawepo, mama aondoke na karatasi moja yenye uzito wa mtoto wa kuzaliwa, presha yake ya mwisho na namba ya simu ya wodi. Mtoto asiyenyonya, anayepumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, kifua kinachobonyea ndani, degedege, joto kuanzia 37.5 au chini ya 35.5, manjano ndani ya saa 24 za kwanza au iliyofika viganjani na nyayoni siku yoyote: arudishwe saa hiyohiyo. Mama mwenye kichwa kinachouma sana na macho yenye ukungu asiambiwe ni uchovu wa ulezi. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata mtoto akiwa ameshazaliwa.

Kwa njiti na walio chini ya kilo 2.5, mkao wa kangaruu upo na unafanywa kwa moyo, lakini vitanda ni vya kulala chali. Mama anatakiwa kumbeba kifuani saa 8 hadi 24 kwa siku. Bila kitanda kinachoinuka mgongoni au kiti cha kuegemea, mgongo unamshinda baada ya saa 2 na mtoto anarudishwa kitandani.

Wiki ya 6 ilikuwa ya mtoto: chanjo, mizani, uzazi wa mpango kwa sentensi mbili. Huzuni ya siku za kwanza kwa kawaida huisha ndani ya wiki 2; inayovuka hapo inataka kuulizwa kwa makusudi, na swali zuri la kuanzia ni “mtoto akilala, wewe unalala?” Anayejibu “sijambo” huku machozi yakimlenga anahitaji kiti kingine, mlango unaofungwa, na dakika 20 zisizo na foleni nyuma yake. Kwenye kituo hiki kiti hicho bado hakijawekwa.