Bastola ya .22 na kiwambo cha sauti kwa bei nafuu Marekani: nunua kinachofunguka

Malalamiko ya wanunuzi yanafanana. Siku za kwanza kiwambo (kile kipunguza mlio kinachofungwa mdomoni mwa mtutu) kilikuwa kitamu, lakini baada ya miezi michache kimekuwa kizito, kelele zimerudi, na kifuniko cha mbele kimegoma kufunguka hata ukikibana kwenye jiliwa. Muuzaji anajibu kwamba kitu chenyewe ni cha kiwandani, kirudishwe huko. Hakuna kilichoharibika. Kimejaa tu.

Mwongozo huu ni wa anayeishi Marekani kihalali na anataka bastola yenye kiwambo kwa mazoezi ya kulenga shabaha bila kumaliza mshahara. Kwa bajeti hiyo jibu ni kaliba ya .22 LR, ile risasi ndogo ya kawaida ya .22. Bastola nyingi za 9mm zina mtutu unaoinama kila risasi inapotoka, hivyo kiwambo chake lazima kiwe na pistoni na springi ya kuusaidia mtutu kurudi. Hapo ongeza mtutu wenye nyuzi za skrubu za kufungia kiwambo (na uwe macho: nyingine ni 1/2x28, nyingine ni 13.5x1 za mkono wa kushoto, pistoni ya moja haiingii kwenye nyingine), ongeza vilengeo virefu maana vya kawaida vitazibwa na kiwambo, ongeza risasi za greni 147 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) kwa sababu zile za 115 zinapita kasi ya sauti na kulia kama mjeledi hewani. Bastola ya .22 yenye mtutu uliotulia haidai pistoni wala vilengeo virefu.

Ila .22 ina uchafu wake, na hapa ndipo wauzaji wanapokaa kimya. Risasi hizi kwa kawaida ni madini ya risasi matupu, au yamepakwa shaba nyembamba tu. (Kiswahili kimeziita zote mbili jina moja, na kwa .22 ndivyo zilivyo hasa.) Kila mlipuko unakwangua chembe za madini hayo, unachanganya na masizi ya baruti na nta, kisha unazibandika kwenye vikombe vya ndani vya kiwambo, vile vyenye tundu katikati vinavyozuia gesi isitoke kwa kishindo. Kiwambo cha bunduki kubwa hujisafisha kwa joto na shinikizo. Cha .22 hakina nguvu hiyo, kinakusanya tu. Tabaka linapojaa pengo kati ya vikombe na bomba la nje, vyote vinakuwa chuma kimoja. Nafasi ya gesi kupanuka inapungua, na kelele zinapanda.

Kwa hiyo usianze na desibeli. Vyote vizuri vya kaliba hii vinacheza karibu na desibeli 115 hadi 120, na sikio lako halitatofautisha cha 116 na cha 118. Uliza jinsi kinavyofunguliwa, kwa kifaa gani, na madini yanagusa nini. Kiwambo cha .22 kilichochomelewa moja kwa moja kisichofunguka kiache dukani, hata kikiwa nusu bei.

Namba moja, tena bila kusitasita, ni SilencerCo Sparrow 22. Ndani kuna kiini cha kipande kimoja cha chuma kisichoshika kutu. Kiini hicho kinafunikwa na nusu mbili za ganda, ndipo bomba la nje linavishwa juu. Uchafu unabaki kati ya kiini na ganda, bomba haliuoni. Hata ukizembea risasi elfu moja, bomba litachomoka, na nusu za ganda utazibandua kama maganda ya karanga. Uzito wake ni kama gramu 185, na kinavumilia mpaka kaliba ya 5.7x28mm. Kasoro yake ni risasi ya kwanza: kiini kimoja kina oksijeni nyingi inayowaka, hivyo mlio wa kwanza unasikika kuliko unaofuata. Kwa bei ya kati ya dola 350 na 450 hiyo ni kasoro ya kuvumilia.

Cha pili ni Dead Air Mask 22, uzito karibu sawa, bomba la titani na vikombe vya chuma. Kwa utulivu wa risasi ya kwanza kinampita Sparrow waziwazi. Lakini vikombe vyake vinasukumwa kutoka ndani ya bomba, kwa hiyo anayekichagua asiruke usafi. Cha tatu ni Rugged Oculus 22, ambacho kinakatika vipande viwili ukitaka kifupi. Kipo vizuri, ila urefu mfupi una kelele zaidi na watu wengi huutumia wiki ya kwanza tu. Viwambo vya bei ya chini vyenye vikombe vya alumini vinafaa kwa mwenye nidhamu ya kusafisha. Zaidi ya hapo havina habari.

Usafi wenyewe hauhitaji maarifa mengi. Kikiwa kipya, kipime kwenye mizani ya gramu na uandike namba hiyo. Kikiongezeka gramu 15 au 20, muda umefika. Kwa wengi ni kila risasi 300 hadi 500. Kabla ya kufyatua, paka vikombe mafuta membamba ya silikoni ili madini yasishike, na nyuzi za vifuniko zipake grisi ya kuzuia kukwama. Unapofungua, weka alama ya mpangilio kwa kalamu ya wino, kwani kikombe cha kwanza kinachopokea mlipuko mara nyingi si sawa na vingine. Ukikosea, risasi inaweza kugonga ukuta wa ndani. Vaa glavu za nitrili, fanyia kazi nje ya jiko, usipulize vumbi kwa mdomo. Kuna mapishi mitandaoni ya kuloweka kwenye siki iliyochanganywa na haidrojeni peroksaidi. Yanang'arisha kweli, lakini yanazalisha asetati ya risasi, sumu inayoyeyuka majini, na yanakula alumini. Achana nayo, hasa nyumba ikiwa na watoto.

Kwa bastola, chukua Ruger Mark IV 22/45 yenye nyuzi za 1/2x28. Mtutu umetulia, na inafunguka kwa kitufe kimoja nyuma. Hilo ni muhimu, maana kiwambo kinarudisha gesi na masizi ndani ya bastola. Ukinunua iliyotumika, angalia namba: zinazoanza na 401 au WBR zilizotengenezwa kabla ya Juni 2017 ziliitwa kiwandani kwa tatizo la kufuli ya usalama. Hakikisha ilirekebishwa. Taurus TX22 ni nafuu zaidi, inabeba risasi 16, na inakuja na adapta ya nyuzi. Walther P22 nayo inadai adapta ya kununua pembeni. Ukishalipa, unafuu umekwisha.

Risasi: CCI Standard Velocity, futi 1,070 kwa sekunde, yaani kama mita 326, chini ya kasi ya sauti ya mita 343. Vizibo vya masikio vaa bado.

Sheria sasa. Viwambo vinaruhusiwa katika majimbo 42. California, New York, New Jersey, Illinois, Massachusetts, Rhode Island, Delaware na Hawaii hayamo, wala Washington DC. Ile kodi ya dola 200 iliyowekwa mwaka 1934 imeshuka hadi sifuri tangu Januari 1, 2026, lakini usajili haujafutwa: Fomu 4 ya ATF (idara ya serikali kuu inayosimamia silaha), alama za vidole, picha, na kusubiri kibali kabla ya kukichukua. Dukani umri ni miaka 21. Mwenye green card anaweza kuomba. Aliye kwa viza ya masomo, kazi au matembezi kwa kawaida haruhusiwi hata kushika bunduki, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni ya uwindaji. Kama mke au mume atakuwa na funguo za sefu, sajilini kwa trasti (umiliki wa pamoja kisheria), si kwa jina la mmoja. Na usithubutu kukipakia kwenye begi la kwenda nyumbani Afrika Mashariki; kukitoa Marekani bila kibali cha usafirishaji ni kosa la jinai.

Kodi ikiwa sifuri, ungetegemea risiti ipungue dola 200 nzima. Wapi! Ghafla kuna ada ya kuhamisha umiliki, ada ya alama za vidole, ada ya kuhifadhi faili, ada ya kutunza kiwambo ukisubiri kibali, na tangazo mlangoni linasema “bila kodi”. Dai jumla yote kwa maandishi kabla ya kutoa kadi. Baya kuliko hayo ni wale wanaouza mtandaoni “vichungio vya kusafishia” kwa dola 60, vyenye umbo la kiwambo lililokosa matundu tu. Anayetoboa bila kibali kilichotangulia anajitafutia kifungo cha hadi miaka 10, na muuzaji atakuwa ameshafunga ukurasa.

Ukiwa kaunta, mwombe muuzaji akufungulie kiwambo cha maonyesho mbele yako. Akihangaika nacho kikiwa kipya kabisa, umeshajibiwa.