Nilivyoachana na skrinishoti: uzoefu wangu wa kuhifadhi picha za mishono kwa kivinjari

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Makoroboi, hapa Mwanza mjini. Kwenye kazi yangu picha ni kifaa kama ilivyo futi kamba. Siku hizi mteja hakuelezei nguo. Anakunyooshea simu, anasema, "Dada fundi, nataka huu." Na "huu" ni mshono aliouona Instagram jana usiku, umevaliwa na mtu wa Lagos au Dar es Salaam, na sendofu yake ni Jumamosi.

Kilichonifanya nijifunze kuhifadhi picha vizuri ni kitenge cha mama mmoja wa Nansio. Alikuja na meli, akaniachia yadi 6 na picha aliyotumiwa na binti yake WhatsApp. Ilikuwa skrinishoti ya skrinishoti. Nikiikuza, kiunoni naona kivuli tu, kama mstari. Nikaamini ni kitambaa kimeunganishwa pale, nikakata. Kumbe yalikuwa marinda madogo madogo yaliyolazwa kuelekea kwenye zipu, na kitambaa hakikutakiwa kukatwa kabisa. Yule mama hakunigombeza. Alikunja vile vipande, akavitia kwenye mfuko, akasema, "Basi mwanangu, tutafanyaje." Iliniuma kuliko ningetukanwa. Kitenge kingine nilinunua kwa hela yangu.

Mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo kule Nyegezi, ndiye aliyenieleza tatizo liko wapi. Kwa kawaida Instagram huionyesha picha kwa upana usiozidi pikseli 1080, yaani zile nukta ndogo ndogo zinazoijenga picha. Kioo cha simu yangu kina upana wa pikseli 720. Nikipiga skrinishoti sihifadhi picha, nahifadhi kioo changu. Picha ya wima yenye 1080 kwa 1350 inabaki 720 kwa 900, yaani zaidi ya nusu ya nukta zake zimepotea kabla sijaanza hata kuikuza. Ukiituma WhatsApp inabanwa tena, na kila mtu anavyoihifadhi na kuituma upya inazidi kufifia. Mweusi wa uzi na mweusi wa kivuli vinakuwa kitu kimoja. Ndipo fundi anapokata.

Sikutaka kusakinisha programu nyingine, maana simu yangu ni ya GB 32 na nusu yake imejaa picha za wateja. Kwa hiyo nimekuwa nikitumia kivinjari tu, Chrome ile ile iliyokuja na simu, na baada ya zaidi ya mwaka mmoja nina la kusema.

Pinterest ndiyo rahisi. Unafungua picha, unaibonyeza na kushikilia kidole, menyu inatokea, unachagua kupakua. Basi. Facebook nayo kwangu inakubali hivyo hivyo, ila kuna kosa nililolirudia mara nyingi: usibonyeze picha ikiwa bado ndogo kwenye orodha. Iguse kwanza ifunguke yenyewe peke yake, subiri itulie, ndipo ushikilie. Ukiwahi, unapakua kile kipicha kidogo cha kuonjesha, na utakigundua siku umeme umekatika na mteja amekusimamia mlangoni.

Instagram ndiyo yenye kazi, na ndiko mishono yote iliko. Ukifungua kwenye kivinjari bila kuingia na akaunti, inakuonyesha picha chache kisha inakudai uingie. Ukishaingia, unashikilia kidole kwenye picha na menyu ya kupakua haitokei. Nilidhani simu yangu ni mbovu. Kijana akanieleza kwamba juu ya picha kumewekwa tabaka lisiloonekana, hivyo kidole kinagusa tabaka lile, picha yenyewe hakiifikii. Njia niliyobaki nayo ni kunakili kiungo cha picha, kile chenye herufi p katikati, kisha kukibandika kwenye tovuti za kupakulia. Tovuti inaifuata picha kwenye akaunti iliyo wazi kwa watu wote, inakuletea faili lenye upana wake kamili. Kama mwenye mshono ameweka picha tano, mbele, mgongo, mkono na kadhalika, chukua zote. Ya mgongo ndiyo inayokwambia zipu inaanzia wapi.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Tovuti hizi si za kuaminiwa hovyo. Ya kwanza niliyoitumia ilikuwa na kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa pakua. Nikakigusa, likaanza kushuka faili linaloishia na apk, yaani programu ya kusakinishwa kwenye simu, Chrome ikanionya kwamba faili la aina hiyo linaweza kuwa na madhara, nikalifuta. Kile kilikuwa tangazo. Kitufe cha kweli kilikuwa kidogo, chini kabisa. Picha inaishia na jpg au webp. Likija jambo jingine, futa. Siku hiyo hiyo tovuti ile iliniomba ruhusa ya kunitumia arifa, nami kwa haraka nikakubali. Wiki nzima simu ikawa inalia usiku, "simu yako ina virusi," "umeshinda zawadi." Niliikomesha kwa kuingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya arifa, nikaiondolea tovuti ile ruhusa. Tangu hapo nikiulizwa kuhusu arifa nakataa kabla sijasoma.

Na neno la siri usimpe mtu. Mteja mmoja wa Kirumba alinisihi nimtolee picha kwenye akaunti iliyofungwa, ya shoga yake. Nikakutana na tovuti inayodai itaifungua nikiweka jina langu na neno langu la siri la Instagram. Nilifunga ukurasa palepale. Akaunti ile ndiyo duka langu, wateja wa Sengerema na Geita wananipatia humo. Nilimwambia mteja, "Dada, mwombe tu mwenyewe." Alimwomba, akatumiwa siku hiyo hiyo kama dokumenti, na ilikuwa safi kuliko ambayo ningeipata Instagram. Tangu hapo wateja wote nawaomba hivyo: nitumie kiungo, au nitumie picha kama dokumenti. Kile kitufe cha HD cha WhatsApp kilichokuja mwaka 2023 kinasaidia, lakini dokumenti haibanwi kabisa.

Kuhusu bando, picha moja ni chini ya MB moja mara nyingi, haina shida. Kinachokula bando ni matangazo ya video kwenye hizo tovuti.

Usumbufu mwingine ni majina. Faili linakuja na tarakimu ndefu kama namba ya risiti, na tarehe linayoonyesha ni ya siku ulipolipakua, siyo siku picha ilipopigwa. Nimefungua folda inayoitwa Mishono, kila picha naipa jina la mteja na siku ya kuchukua nguo. Na zile za webp, stesheneri ninakochapisha walishindwa kuzifungua mara mbili. Sasa nikiona webp naiomba tovuti inipe jpg, kama inatoa nafasi ya kuchagua.

Nashona mshono wa mtu mwingine, lakini picha yake siibandiki kwenye ukurasa wangu kana kwamba ni kazi yangu. Imeshanitokea mimi: gauni nililolishona kwa siku tatu, na bibi harusi wangu ndani yake, nikalikuta kwenye ukurasa wa mtu na bei yake pembeni. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na picha ni ya aliyeipiga hata kama kuipakua ni rahisi. Picha ninazohifadhi zinabaki ukutani kwangu, zimeandikwa vipimo kwa kalamu, na jina la fundi mwenye mshono naliandika chini.

Kwa kazi yangu siwezi kurudi kwenye skrinishoti. Pinterest na Facebook kwa kivinjari naziamini kabisa. Instagram kwa tovuti za kupakulia naitumia kwa tahadhari, tena pale tu mwenye picha asipopatikana.

Yule mama wa Nansio alirudi mwezi wa kumi na mbili, safari hii kwa gauni lake mwenyewe. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, leo nimekuja na mtoto anielekezee simu." Mjukuu akanitumia kiungo, nikaipakua picha mbele yao, nikaikuza mpaka kiunoni. Tukayahesabu marinda pamoja, mimi na yeye, kidole chake juu ya kioo: saba kila upande, yote yakilalia mgongoni. Akaniambia, "Sasa kata."