Pakiti Tano za Mbegu za Miti Kutoka Duka Moja la Tanga: Tathmini Baada ya Msimu Mmoja

Mwanzoni mwa Oktoba mwaka jana, mvua za vuli zikiwa bado hazijaanza, nilinunua pakiti tano za mbegu za miti katika duka moja la pembejeo mjini Tanga kwa ajili ya kitalu changu kidogo kilichoko Muheza. Zilikuwa mbegu za mtiki kilo moja, mkangazi gramu 250, mwarobaini gramu 500, mlusina gramu 100, na mkongo mbegu 50 za kuhesabu. Mbegu peke yake zilinigharimu shilingi 50,000. Neti ya kivuli na viriba, yaani mifuko ya nailoni ya kukuzia miche, nilivilipia mbali. Duka lenyewe sitalitaja, kwa kuwa mwenye duka alinisikiliza vizuri niliporudi kulalamika, na kwa kuwa kasoro nilizozikuta kwake nimezikuta pia kwa wauzaji wengine wa mbegu za miti ambao hawakutaka hata kunisikiliza.

Nianze na kile nilichopewa mkononi. Kila pakiti ilikuwa mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, wenye jina la mti lililochapwa kwa kompyuta na uzito wa mbegu. Tarehe ya kukusanya mbegu haikuwepo, mahali zilikokusanywa hapakutajwa, wala kiwango cha uotaji hakikuandikwa. Ndani ya kila mfuko palikuwa na karatasi ya maelekezo iliyotolewa nakala, na karatasi hiyo ilikuwa moja kwa mbegu zote tano: "Loweka mbegu katika maji ya moto usiku kucha, kisha panda." Nilimuuliza binti aliyekuwa kaunta kama mbegu za mwarobaini ni za mwaka huu. Alinijibu kwa adabu, "Mzee wangu, mbegu ni mbegu; ukimwagilia itaota." Tukacheka, nikalipa, nikaondoka. Kicheko hicho kiliniponza, maana kwa miaka mingi nimekuwa nikijua kwamba mbegu ya mwarobaini haiwekwi ghalani kama maharage.

Mlusina ndio ulioota vizuri kuliko yote, na hapa karatasi ya maelekezo ilikuwa sahihi kwa bahati. Mbegu yake ina ganda gumu linalong'aa ambalo halipitishi maji, na bila kulegezwa inaweza kukaa udongoni miezi mingi ikiwa hai bila kuota. Nilichemsha maji, nikayaepua, nikayaacha yapoe kwa dakika chache, kisha nikayamimina juu ya mbegu 100 na kuziacha humo hadi asubuhi. Zilizokuwa zimevimba nilizipanda siku hiyo hiyo, na zile zilizobaki ndogo na ngumu nikazirudia kwa namna ile ile. Miche 86 ilitoka ndani ya siku kumi. Mbegu nyingine 100 nilizozipanda kavu kando yake, kwa kujaribu tu, zilitoa miche 17 katika muda huo huo. Mbegu ya jinsi hii hukaa miaka kadhaa katika kopo kavu bila kuharibika, kwa hiyo hata kama ile pakiti ilikuwa imezeeka rafuni, mnunuzi asingehisi lolote. Mfanyabiashara aliyezoea mlusina na mjohoro anaweza kabisa kuamini kwamba miti yote ina tabia hiyo.

Mkangazi ndipo karatasi ilipofanya madhara. Mbegu zake ni bapa, nyepesi, zenye ukingo mwembamba kama karatasi, na hazihitaji kulowekwa katika chochote. Kinachotakiwa ni kuziwahi, kwa sababu uhai wake hupungua haraka kadiri miezi inavyopita. Kwa kuwa nilikuwa naandika tathmini hii tangu siku ya kwanza, niliamua kuwa mtiifu kwa kiasi. Mbegu 50 nikaziloweka katika maji ya moto kama karatasi ilivyoagiza, na 150 nikaziatika zilivyo, nikizifunika kwa udongo mwepesi usiozidi unene wa mbegu yenyewe. Zile 50 zilioza zote. Katika zile 150 ilitoka miche 61 katika wiki tatu za kwanza, idadi ambayo si mbaya kwa mbegu isiyojulikana umri wake, ingawa kwa mbegu mbichi ningetarajia zaidi ya nusu. Fikiria sasa mtu ambaye ndiyo mara yake ya kwanza kuotesha mti, ambaye ameyaamini maandishi kwa sababu yametoka dukani: angepoteza pakiti nzima ya shilingi 15,000, na angehitimisha kwamba mkono wake hauoti.

Mwarobaini ulikuwa aibu. Niliatika mbegu 200 na baada ya mwezi nikawa na miche mitatu. Gharama yake ilikuwa shilingi 8,000, maana yake kila mche ulinigharimu zaidi ya shilingi 2,600, bei ambayo ningepata kwayo mche mkubwa ulio tayari kwenda shamba. Nilichukua mbegu zilizobaki pakitini, nikazipasua moja moja kwa wembe juu ya kibao. Mbegu hai ya mwarobaini ina kiini cha kijani, chenye unyevu kidogo, kinachokatika kama karanga mbichi. Hizi zangu zilikuwa na viini vya kahawia, vikavu, na vingine vilisagika na kuwa unga chini ya wembe. Katika mbegu 40 nilizozipasua, moja tu ilikuwa na rangi ya kijani, na hata hiyo ilikuwa imefifia. Kipimo hiki hakihitaji maabara wala fedha, huchukua dakika tano, na kingeweza kufanywa dukani kabla mfuko haujafungwa.

Baadaye, matunda ya mwarobaini yalipoiva mtaani kwetu, niliokota ya manjano chini ya mti ulio karibu na msikiti, nikayamenya, nikaziosha mbegu hadi utelezi ukaisha, nikazianika kivulini kwa siku tatu na kuziatika kabla wiki haijapita. Mbegu 200 zilinipa miche 163. Sikulipa hata senti. Sisemi haya ili watu wasinunue mbegu. Nasema mbegu ya mwarobaini ambayo imekaa dukani miezi kadhaa haina thamani yoyote ya kuuzwa, hata kwa bei ya chini.

Mtiki unahitaji maelezo marefu kidogo kwa sababu ndio watu wengi wa ukanda wetu wanaununua, wakivutiwa na mashamba ya Longuza hapa Muheza na ya Mtibwa kule Morogoro. Kinachouzwa kama mbegu ya mtiki kwa hakika ni tunda lililokauka, lenye gamba gumu kama la kokwa, na ndani yake mna vyumba vinne ambavyo kila kimoja kinaweza kuwa na mbegu au kuwa kitupu. Ndiyo sababu tunda moja hutoa miche miwili na jingine halitoi kitu. Maji ya moto hayalisaidii sana gamba lile. Nilifuata njia ya wazee wa vitalu: matunda yanalala ndani ya gunia lililozamishwa majini usiku, mchana yanatandazwa juani juu ya sakafu ya saruji, na hivyo hivyo kwa siku kumi mpaka gamba lianze kupasuka. Kisha kila tunda nikalifukia nusu yake katika tuta la mchanga lililo wazi juani. Katika matunda 400 nilipata miche 131 ndani ya wiki sita, na mingine iliendelea kuchomoza moja moja hadi Januari. Kwa mtiki hayo ni matokeo ya kuridhisha, na sina lawama juu ya ubora wa mbegu yenyewe.

Lawama yangu ni juu ya asili yake. Mtiki si mti wa asili wa kwetu. Wajerumani waliuleta mwaka 1898 kutoka Asia, na tangu hapo mashamba yameota yenye miti mizuri na mengine yenye miti iliyopinda na kugawanyika matawi mapema. Mti mama uliopinda unaweza kurithisha kasoro hiyo, na mkulima atakuja kuijua baada ya miaka kumi, wakati ambapo hawezi tena kurudi dukani. Nilipouliza, niliambiwa mbegu "zimetoka bara". Jibu hilo lingefaa kwa gunia la viazi.

Mbegu za mkongo zilinifurahisha. Ni nyeusi tii, zenye kofia nyekundu upande mmoja, na watoto nyumbani waliziomba kwa ajili ya kuchezea. Niliondoa ile kofia, nikasugua ganda kwa tupa upande wa pili hadi weupe ukaonekana, nikaziloweka katika maji ya kawaida usiku mmoja. Miche 41 kati ya 50. Jambo moja tu ambalo muuzaji angelitaja: mzizi mkuu wa mkongo hushuka kwa kasi ya ajabu, na viriba vya inchi nne kwa sita nilivyouziwa vilikuwa vifupi mno. Baada ya wiki tano mizizi ilikuwa imeshatokea chini na kuingia ardhini, nikalazimika kuinua kila kiriba na kuikata, na miche saba haikustahimili.

Viriba vyenyewe ni imara, na kwa miche ya mkangazi na mtiki vilitosha. Wapo wanaoogopa kuvinunua tangu katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019; katazo hilo lililenga mifuko ya kubebea bidhaa, na vifungashio vya sekta ya kilimo viliachwa. La muhimu ni kuvichana na kuviondoa kabisa wakati wa kupanda, maana nimeshawahi kung'oa mti uliodumaa wa miaka miwili na kukuta mizizi yake imejizungusha ndani ya nailoni kama kamba ndooni.

Neti ya kivuli ndiyo bidhaa ambayo singeinunua tena pale. Niliuziwa yenye kuzuia mwanga kwa asilimia 70, nikiambiwa kwamba kadiri kivuli kinavyozidi ndivyo mche unavyokuwa salama. Nilifunika tuta la mkangazi na, kwa ujinga wangu, sehemu ndogo ya mtiki. Miche ya mtiki ilirefuka, ikapauka na kulegea ndani ya wiki mbili, kwani mti ule hutaka jua tangu siku unapochomoza. Kwa mkangazi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Udongo ulikaa na unyevu tangu asubuhi hadi jioni, hewa haikupita, na siku moja alfajiri nikakuta miche tisa imelala kifudifudi, majani yakiwa bado ya kijani kabisa. Nilipoushika mmoja nikaona shina limebana na kuwa jembamba kama uzi pale linapokutana na udongo, lenye rangi ya maji ya chai. Kilikuwa kinyaushi, ugonjwa wa ukungu wa udongoni ambao mvua na kivuli kizito huuita wenyewe. Kesho yake ilianguka kumi na nne mingine.

Niliitoa neti siku hiyo hiyo, nikajenga kichanja cha fito chenye urefu wa mita moja na kukiezeka makuti mabichi ya mnazi yaliyopangwa kwa kuachana, nikapunguza miche iliyosongamana, na kumwagilia kukawa mara moja tu kwa siku, asubuhi. Kinyaushi kilikoma baada ya siku nne bila dawa. Makuti yana faida nyingine ambayo neti haina: yanapokauka hupukutika kidogo kidogo, na miche huzoea jua polepole bila mtu kukumbuka kuizoesha. Kwa anayetaka neti, ya asilimia 50 inatosha kwa miche mingi ya kwetu, nayo iondolewe wiki chache kabla ya kupeleka miche shambani.

Niliporudi dukani mwezi Novemba nilikuwa na ile pakiti ya mwarobaini na wembe. Mwenye duka alitoka ofisini, akatazama nikipasua mbegu kumi juu ya kaunta yake, akaniomba radhi na kunirudishia shilingi 8,000 bila ubishi. Alikiri kwamba mbegu alizinunua kwa mtu aliyezileta kwa basi na hakujua ziliokotwa lini. Nilimpa pia maelekezo ya kila mbegu niliyoyaandika kwa mkono kwenye ukurasa mmoja, naye akaahidi kuyachapa.

Kwa hiyo, anayehitaji mlusina au mkongo aende pale bila wasiwasi. Bei ni nafuu na uzito ni wa kweli, nimeupima. Mkangazi anunue akiwa na wembe mfukoni na aatike wiki hiyo hiyo. Mtiki wa kupanda ekari nzima ni bora autafute katika kituo cha mbegu za miti cha Wakala wa Huduma za Misitu kilichoko Morogoro, ambapo anaweza kuuliza mbegu imetoka shamba gani akapata jibu la maana. Mwarobaini asinunue dukani popote.

Mwezi uliopita nilipita tena kuchukua viriba virefu, ambavyo sasa wameanza kuvileta. Pakiti za mlusina na mkangazi zilikuwa na karatasi mpya, tofauti kwa kila mti, na tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino pembeni. Za mwarobaini zilikuwa bado rafuni, na pale pa tarehe pameachwa wazi.