Probayotiki za Kuku: Ipi Ununue Kwanza

Probayotiki ni vijidudu hai vyenye manufaa ambavyo kuku hupewa kwenye chakula au maji. Kifaranga wa mashine hakulelewa na mama wala hakudonoa kinyesi cha mama. Utumbo wake huanza karibu mtupu, na bakteria wanaotangulia kuingia ndio wanaojitwalia nafasi. Mwaka 1973 Nurmi na Rantala wa Finland walionyesha kuwa vifaranga wakipewa bakteria kutoka utumbo wa kuku wazima wenye afya, Salmonella, bakteria wa ugonjwa, hushindwa kujikita. Kwa hiyo nunua probayotiki kabla vifaranga hawajafika. Anayesubiri mpaka kuku wadumae amekosa sehemu kubwa ya faida.

Chaguo langu la kwanza ni poda ya Bacillus subtilis au Bacillus licheniformis ya kuchanganya kwenye chakula. Bakteria hawa hujifungia ndani ya spora ngumu, hivyo huvumilia joto la mashine ya peleti, asidi ya tumbo la kuku na miezi ya kukaa stoo. Wakifika kwenye utumbo mwembamba huchipua, husaidia kusaga chakula na kumbana Clostridium perfringens, kijidudu kinachoozesha utumbo wa broila. Mfuko unaokaa dukani Dar es Salaam au Mombasa bila friji unahitaji bakteria wa namna hii.

Wa pili ni Lactobacillus, Pediococcus na Enterococcus wa kutia kwenye maji. Kwa siku za mwanzo za kifaranga nawapenda hata kuliko Bacillus, kwa kuwa hutoa asidi ya laktiki, na utumbo ukiwa mchachu E. coli na Salmonella hupata shida kuzaliana. Tatizo ni udhaifu wao: joto huwaua, na klorini ya maji ya bomba pia. Tumia maji ya kisima safi au ya mvua, changanya ya siku hiyo tu, na usinunue pakiti iliyoanikwa dirishani juani.

Chachu ya Saccharomyces naiweka ya tatu. Inasaidia, ila hakikisha lebo inasema ni hai.

Mwenye kuku wachache wa kienyeji anaweza kuchachusha chakula mwenyewe: loweka kwa maji siku mbili tatu, kifunikwe na maji yenyewe. Kikinukia uchachu kama togwa, wape. Kikiota ukungu, mwaga chote. Mtindi uwe kidogo sana, maana kuku hamudu vizuri sukari ya maziwa na huhara.

Dukani, soma lebo kabla ya bei. Itaje jina kamili la bakteria, idadi ya walio hai (CFU) kwa gramu na tarehe ya mwisho. Iliyoandikwa “bakteria wazuri” tu, iache. Kisha piga hesabu kwa kilo ya chakula. Bidhaa nyingi za Bacillus hulenga karibu bilioni 1 kwa kilo, kwa hiyo pakiti ya gramu 100 yenye bilioni 1 kwa gramu inatosha kilo 100. Pakiti ya bei rahisi ya uzito huohuo yenye milioni 10 kwa gramu itatosha kilo 1 tu.

Chanjo ya kideri ibaki palepale kwenye ratiba. Na kama kuku wako kwenye antibayotiki kama oksitetrasaiklini au tailosini, maliza dozi kwanza ndipo uanze probayotiki, la sivyo dawa inaweza kuua au kuzuia bakteria uliowanunua.