Fundi wa kanda Darajani aliyeniuliza "Nani katunga?"

Nilikuwa na kanda nne za bibi yangu, TDK za dakika 90, zimekaa kwenye kopo la biskuti tangu alipofariki. Bibi alikuwa mtunzi wa nyimbo za ngoma za harusi hapa Unguja. Juu ya kanda pameandikwa kwa peni "Harusi, Kikwajuni" na jina la bwana aliyeleta redio kaseti ya kurekodia. La bibi halimo.

Nilizipeleka kwa fundi mwenye kibanda nyuma ya soko la Darajani, anayehamishia kanda kwenye flashi kwa shilingi 8,000 kila moja. Kabla hajacheza chochote alifungua vile viskrubu vitano vya kanda ya kwanza, akatoa utepe ulioshika ukungu, akaufuta taratibu kwa pamba, akautia kwenye gamba jingine. Saa nzima ilipita hapo.

Lakini kilichoniandikisha haya ni daftari lake. Kila wimbo ukianza anausimamisha: "Dada, huu nani katunga? Na wanaoitikia nani?" Mengine sikuyajua. Nikampigia mama, akawa anatambua sauti moja moja mpaka machozi yakamtoka. Wimbo wa tatu una mstari huu: "Nimepanda karafuu, wamechuma wasopanda." Mama akasema bibi aliutunga mwaka ule shemeji yake alipovuna mikarafuu yake bila ya kumwambia. Mimi wimbo huo nimeuchezea harusi ngapi, nikidhani ni wa zamani tu, hauna mwenyewe!

Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja, tunaye mpaka leo kwa sababu mwaka 1928 alikwenda Bombay akarekodi santuri, kisha Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Kina bibi hawakupanda meli. Nyimbo zao zilibaki vifuani mwa waitikiaji, na wengi wao wameshatangulia mbele ya haki.

Kasoro ipo. Mara ya kwanza fundi alisafisha sauti kupita kiasi. Mvumo wa kanda uliondoka na vigelegele vikaondoka nao, ngoma ikasikika kama imefunikwa godoro. Nilimrudishia, akarudia bila kunitoza, akanipa nakala mbili: ghafi na iliyosafishwa. Ombeni zote mbili tangu mwanzo. Halafu hafungui mpaka baada ya Alasiri. Kanda zangu zilimaliza wiki tatu.

Sasa nikiucheza ule wimbo wa tatu kwenye simu, jina la bibi linatokea chini yake, na la baba yake. Hapa silitaji, wajomba zangu bado hawajakubaliana nyimbo zitoke hadharani.

Kanda ya nne, upande wa pili, kuna mwanamke anayeanzisha nyimbo mbili kwa sauti nzito, na mama hamjui. Kwenye daftari fundi ameacha mstari wazi. Jumamosi nakwenda Makunduchi kumsikilizisha mdogo wake bibi.