Misimu mitatu nikiilipia Dallas Mavericks: uzoefu wangu

Tangu Oktoba 2023 nimekuwa nikilipia huduma ya kutazama michezo ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, kwa intaneti, na kwa kuwa naishi Dar es Salaam, mchezo unaoanza Dallas saa moja na nusu jioni wakati wa baridi yao hunifikia saa kumi na nusu alfajiri. Kuhusu huduma yenyewe sina maneno mengi. Picha ni safi, marudio ya mchezo huwekwa mapema, na mara zilizokwama nadhani kosa lilikuwa la bando langu. Lililoniudhi ni kwamba msimu wa pili ulipoanza walikata fedha kwenye kadi yangu bila kuniuliza, na barua pepe mbili nilizowaandikia hazikujibiwa. Hata hivyo, huduma ile ni dirisha tu. Bidhaa niliyokuwa nainunua kwa usingizi wangu ni timu moja, Dallas Mavericks, na ndiyo ninayotaka kuitathmini hapa.

Msimu wa kwanza nilipata zaidi ya nilicholipia. Luka Dončić aliongoza ligi nzima kwa ufungaji, wastani wa pointi 33.9 kwa mchezo, timu ikashinda michezo 50 na kufika fainali dhidi ya Boston Celtics. Walifungwa michezo minne kwa mmoja, lakini huo mmoja, wa nne, walishinda 122 kwa 84, nami nilikwenda kazini siku hiyo sijalala na sikujutia. Wiki iliyofuata nilishuka Kariakoo, Mtaa wa Kongo, nikanunua jezi ya bluu yenye namba 77. Muuzaji aliniambia nisiivue upesi, kwa sababu kijana ana miaka 25 na timu ya namna ile itakuwa fainali kila mwaka. Nilimwamini, maana ndivyo hesabu zilivyoonyesha.

Asubuhi ya Jumapili, Februari 2, 2025, saa mbili na dakika chache, nilikuwa nakunywa chai shemeji yangu aliponitumia ujumbe wenye neno moja tu: "Wamemuuza." Nilifungua simu nikakuta taarifa ya mwandishi Shams Charania kwamba Dončić amepelekwa Los Angeles Lakers, na kama watu wengi siku ile nilidhani akaunti yake imedukuliwa. Nilimjibu shemeji kwamba asiamini kila kitu cha mtandaoni. Baada ya nusu saa nilimpigia kumwomba radhi.

Biashara yenyewe ilikuwa hivi: Dallas walimtoa Dončić pamoja na Maxi Kleber na Markieff Morris, wakapokea Anthony Davis, Max Christie na haki moja tu ya raundi ya kwanza katika uchaguzi wa kila mwaka ambao timu huchagua wachezaji wapya, ya mwaka 2029. Utah Jazz waliingizwa katikati ili hesabu za mishahara zikae sawa. Davis ni mchezaji mkubwa ambaye sina neno baya juu yake, ila alikuwa na miaka 31, na siku anauzwa alikuwa majeruhi. Nico Harrison, meneja mkuu aliyeajiriwa mwaka 2021 akitokea Nike, alieleza kwamba ulinzi ndio unaoleta ubingwa, na habari zilizotoka ofisini zikasema kwamba hawakuridhishwa na jinsi Luka anavyoutunza mwili wake, wakati kiangazi kile angekuwa na haki ya mkataba mpya wa takriban dola milioni 345.

Hoja ya mwili siikatai moja kwa moja. Luka alikuwa nje tangu Krismasi kwa jeraha la misuli ya mguu, na mtu yeyote aliyemtazama akirudi nyuma kulinda goli lake alijua kwamba hana haraka. Ninacholalamikia ni namna ya kuuza. Anayetaka kuuza ng'ombe wake bora humpeleka mnada wa Pugu, watu wakamzunguka, wakamshika pembe, wakapandishiana bei, na hata kama mwishoni atamuuzia yule yule aliyemfikiria tangu nyumbani, angalau bei imesemwa mbele ya watu. Harrison alimwita mnunuzi mmoja, Rob Pelinka, meneja mkuu wa Lakers, wakanywa kahawa Dallas mwezi Januari, wakaelewana kimya kimya. Timu nyingine hazikuulizwa. Kulinganisha tu: miezi saba kabla ya hapo New York Knicks walikuwa wametoa haki tano za raundi ya kwanza kumpata Mikal Bridges, ambaye hakuwa amewahi hata mara moja kuitwa kwenye mchezo wa nyota wa ligi. Dončić alikuwa amechaguliwa katika kikosi bora cha kwanza cha NBA miaka mitano mfululizo, akauzwa kwa haki moja. Hapo ndipo mimi mteja nilipohisi nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, ingawa sikuwa mezani.

Sisi Watanzania, nitaje kidogo, tunajua maamuzi ya ofisi yanavyoweza kumwelemea mchezaji asiye na kosa. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem Thabeet wetu katika nafasi ya pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na hadi leo anabebeshwa lawama za watu waliokaa mezani na kalamu. Davis naye alitupiwa lawama kwa kuwa Luka hayupo, na hilo si haki.

Ukirudi nyuma utaona kwamba dalili zilianza kabla sijalipa hata senti. Jalen Brunson, aliyesaidia kuwafikisha fainali za kanda ya Magharibi mwaka 2022, aliondoka kiangazi kile kile kwenda Knicks, na Dallas hawakupata chochote badala yake. Wangeweza kumfunga mapema kwa mkataba wa takriban dola milioni 55 kwa miaka minne, wakasitasita, Knicks wakampa milioni 104. Msimu uliofuata timu ilimaliza na ushindi 38 na vipigo 44, na ligi ikaitoza faini ya dola 750,000 kwa kuwapumzisha wachezaji mwishoni ili ifungwe, imalize chini na isipoteze nafasi yake ya kuchagua mchezaji mpya. Mwaka 2023 mkuu wa afya ya wachezaji, aliyekuwa klabuni karibu miongo miwili, aliondolewa. Naye akachukuliwa na Knicks. Mwishoni mwa mwaka huo huo Mark Cuban, aliyekuwa mmiliki mkuu wa klabu, aliuza hisa nyingi kwa familia za Adelson na Dumont, na sauti yake katika masuala ya mpira ikafifia. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Fainali ya 2024 ilitufumba macho, nami wa kwanza.

Kilichofuata baada ya mauzo nilikitazama karibu chote, alfajiri baada ya alfajiri. Davis alicheza mchezo wake wa kwanza Februari 8 dhidi ya Houston: pointi 26, ribaundi 16, asisti 7, na kwa robo mbili nilianza kufikiri kwamba labda Harrison anajua tusichokijua. Katika robo ya tatu alishika nyonga, akatoka, akakaa nje wiki kadhaa. Machi 3 Kyrie Irving, nyota mwingine wa timu, aliumia goti dhidi ya Sacramento, na kilichonikaa kichwani ni kwamba alipiga mitupo miwili ya adhabu machozi yakimtoka kabla hajasaidiwa kutoka uwanjani. Wakati huo timu ilikuwa imejibana kwenye ukomo wa mishahara uliowekwa na ligi kiasi kwamba haikuweza kusajili mtu wa kujaza nafasi, na ilikaribia kushindwa kutimiza wachezaji wanane ambao ligi inadai kwa kila mchezo. Kuna alfajiri nilitazama kikosi ambacho nusu yake sikukijua, nikazima simu wakati wa mapumziko, nikaenda kuchota maji kabla hayajakatika.

Mwezi huo huo wa Machi klabu ilitangaza kupandisha bei za tiketi za msimu kwa zaidi ya asilimia 8. Mimi si mnunuzi wa tiketi, lakini nilijiuliza ni nani aliyeipitisha barua ile na kama alikuwa ameangalia nje ya dirisha, ambako mashabiki walikuwa tayari wameweka jeneza la maonyesho karibu na sanamu ya Dirk Nowitzki, gwiji wa klabu.

Usiku wa kuamkia Aprili 10 Luka alirudi Dallas na jezi ya Lakers. Walimwonyesha video ya kumbukumbu kabla ya mchezo, naye akakaa kwenye benchi akijifuta machozi kwa taulo, kisha akainuka akafunga pointi 45. Watu waliojaza uwanja wa Mavericks walimshangilia mgeni, na kila palipotulia kidogo wakaimba kwamba Nico afukuzwe. Lakers walishinda 112 kwa 97. Huo ndio mchezo bora niliotazama msimu ule, na timu yangu ndiyo iliyofungwa. Walimaliza 39 kwa 43, wakatolewa na Memphis kabla ya mchujo wenyewe kuanza.

Kisha ikaja bahati ambayo hawakuitolea jasho: Mei 2025, wakiwa na uwezekano wa asilimia 1.8 tu, walishinda bahati nasibu ya uchaguzi wa wachezaji na kupata nafasi ya kwanza, wakamchagua Cooper Flagg wa Chuo Kikuu cha Duke. Nilirudisha imani, nikalipia msimu mzima kwa mara ya tatu. Mchezo wa kwanza, nyumbani, San Antonio wakawafunga 125 kwa 92, Victor Wembanyama akipata pointi 40, huku Flagg, kijana wa miaka 18 ambaye ni winga, akilazimishwa kuongoza mashambulizi kwa sababu ofisi haikuwa imepata mtu wa kuziba pengo la Irving. Walipofika ushindi wa michezo mitatu na vipigo vinane, Novemba 11, Harrison aliachishwa kazi. Siku moja kabla, Patrick Dumont, anayeiwakilisha familia ya wamiliki, alionekana akizungumza kando ya uwanja na kijana aliyevaa jezi ya Luka ya Lakers.

Kwa hiyo natoa nyota mbili kati ya tano. Moja ni ya msimu wa 2023/24, ambao siwezi kuunyima haki yake, na ya pili ni ya Flagg, ambaye hata katika vipigo anakimbia kurudi kulinda kama mtu anayedaiwa. Ofisi sina nyota ya kuipa. Anayetaka kuanza kuifuatilia timu hii namshauri asilipie msimu mzima kwa mkupuo. Achukue mwezi mmoja mmoja, na azime kipengele cha kujilipia chenyewe kabla hajaanza kutazama.

Juzi nilipita Mtaa wa Kongo nikiwa nimevaa ile jezi ya bluu. Muuzaji yule yule aliniita, akaning'iniza mbele ya macho yangu jezi ya njano. "Namba ni ile ile 77, kaka," alisema, "wewe unabadilisha rangi tu." Nilimuuliza kama ana ya Flagg, namba 32. Akasema hajaleta, anasubiri kwanza aone kama watamweka.