Dambeli za kubadilisha uzito: sura hazina, kazi zinafanya

Niseme mapema kwamba hazivutii macho. Ni vyuma viwili vifupi, sahani nyeusi za kuchomeka pande zote na nati nne za kukazia. Zipo zile za rangirangi zenye uzito mmoja usiobadilika, nzuri kweli kuzitazama, ila utazizoea upesi, na mwili ukishauzoea mzigo hauoni haja ya kujijenga tena. Seti hii inazipiku kwa sababu ina sahani za nusu kilo. Nikiona marudio 12 yananitoka bila kukunja uso, naongeza kisahani kimoja kila upande, na kesho yake mapaja yananisimulia.

Nina miaka 52 na sitafuti kutunisha kifua. Misuli ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo, nayo huanza kupungua tangu miaka ya thelathini. Mifupa pia huwa imara inapobebeshwa mzigo. Lakini kilichonifanya nifungue pochi ni ubongo. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wazee wa miaka tisini hivi waliofanyishwa mazoezi ya mapaja kwa wiki 8. Nguvu zilipanda kwa wastani wa asilimia 174, nyama yenyewe ya paja kwa asilimia 9 tu! Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kazi ya ubongo na mishipa ya fahamu, ambayo hujifunza kuiamsha misuli mingi kwa pamoja. Chuo Kikuu cha Sydney nacho, mwaka 2014, kiliripoti kwamba watu wa miaka 55 na zaidi walioanza kupungukiwa kumbukumbu walifikiri vizuri zaidi baada ya miezi 6 ya mazoezi ya uzito.

Sasa lawama. Nati hulegea katikati ya zoezi, kwa hiyo zikaze kila unapopumzika, hasa kabla ya kuinua chuma juu ya kichwa. Karatasi ya maelekezo ni ya kutupa: picha zote ni za mikono, kana kwamba binadamu anaishia kiunoni, ilhali misuli mikubwa iko makalioni na mapajani. Shika dambeli, chuchumaa, inuka.

Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, na kwa hizo seti hii inatosha kabisa. Nyota 4 kati ya 5. Ya tano imeliwa na nati.